Wenela na Daktari Aliyetoka Panama

Mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku migodi ya dhahabu kuajiri watu kutoka kaskazini ya latitudo 22 kusini. Ziwa Nyasa lote liko ndani ya eneo hilo, Mbamba Bay na Liuli za mwambaoni zikiwemo, na hata Namswea huko milimani. Sababu ilikuwa nimonia. Vijana waliotoka nchi za joto walikuwa wakifa kwa wingi zaidi katika kambi za Johannesburg kuliko wachimbaji wengine.

Wenye migodi walimwita William Gorgas, daktari Mmarekani aliyeshinda homa ya manjano Panama. Mwaka 1914 msaidizi wake wa zamani, Alexander Orenstein, akakabidhiwa usafi wa migodi ya kampuni ya Rand Mines.

Orenstein hakuwa mgeni Afrika, kwa kuwa alikwisha kushughulikia malaria Dar es Salaam ya Wajerumani. Huko, tangu 1901, Dkt. Ollwig alifuata njia ya Robert Koch: wakazi wapimwe damu, wenye vimelea wanyweshwe kwinini. Orenstein hakuridhika. Panama ilikuwa imemfundisha kwanza kuondoa maji mbu wanamozaliana.

Kuhusu nimonia, Panama ilikuwa na somo jingine. Gorgas aliona vifo vikipungua pale vibarua wa mfereji walipotoka kwenye mabweni yaliyosongamana na kuishi katika vibanda vyao, pamoja na wake na watoto. Akapendekeza wachimba dhahabu nao waishi hivyo.

Wenye migodi walichagua walichokitaka. Vyumba vilipanuliwa, chakula kikaboreshwa, chanjo ya nimonia ya Spencer Lister ikajaribiwa, na Orenstein akasimamia hospitali kubwa za pamoja zenye wauguzi waliosomea kazi. Familia hazikukaribishwa. Mchimbaji aliendelea kuwa mtu wa mkataba, anayekuja peke yake na kurudi kwao.

Miaka ya 1930 katazo lililegezwa, na Wenela, wakala wa kuajiri wa migodi, ikachukua watu upya kuzunguka ziwa, baadaye Tanganyika pia. Lakini vumbi la mawe halitibiki kwa chanjo. Linatia makovu mapafuni polepole na kukifungulia njia kifua kikuu. Mwaka 1930 wataalamu wa nchi mbalimbali, Orenstein akiwa miongoni mwao, walikutana Johannesburg kuujadili ugonjwa huo wa vumbi. Aliyeishiwa nguvu alirudishwa kijijini. Kitabu cha mgodi hakikumhesabu tena, na uuguzi ukawa mzigo wa ndugu zake.

Tanganyika ilipopata Uhuru 1961, Wenela ilifungiwa mlango. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha mapatano ya fidia kati ya kampuni sita za dhahabu na wachimbaji walioathirika kwa vumbi. Yanamhusu aliyefanya kazi kuanzia Machi 12, 1965. Wengi wa Watanganyika waliokwenda na Wenela walikuwa wamekwisha kurejea kabla ya tarehe hiyo.