Wazanzibari nchini Uingereza

Wazanzibari nchini Uingereza ni watu wenye asili ya visiwa vya Unguja na Pemba wanaoishi Uingereza, pamoja na watoto na wajukuu wao waliozaliwa huko. Wengi wanakaa London. Miongoni mwao wamo Waswahili, Waarabu, Wangazija na watu wenye asili ya Bara Hindi.

Historia

Zanzibar ilikuwa nchi lindwa ya Uingereza tangu mwaka 1890 hadi uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963. Katika kipindi hicho baadhi ya vijana walikwenda Uingereza kusoma na kufanya kazi. Mmoja wao alikuwa Abdulrahman Mohamed Babu, aliyeishi London kuanzia mwaka 1951 hadi 1957.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 walifuata wakimbizi. Sultani Jamshid bin Abdullah aliishi Portsmouth kwa zaidi ya miaka 50 kabla ya kuhamia Omani mwaka 2020, alikofariki mwaka 2024. Babu, aliyekuwa waziri katika serikali ya Mapinduzi, alifungwa Tanzania Bara kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, kisha akaishi nje ya nchi. Alifariki London mwaka 1996 na kuzikwa Zanzibar. Hivyo Uingereza ilipokea watu wa pande zote mbili za siasa za Visiwani.

Wengine waliomba hifadhi baada ya mauaji ya Januari 2001, yaliyofuata maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa mwaka 2000.

Uhusiano na nyumbani

Wahamiaji wengi huwatumia jamaa zao fedha kwa ajili ya matibabu, ada za skuli, ujenzi na maziko. Wakati wa urais wa Ali Mohamed Shein (2010–2020), Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilikuwa na idara ya kuratibu Wazanzibari waishio nje.

Suala la uraia

Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 hairuhusu uraia pacha kwa watu wazima. Anayechukua uraia wa Uingereza kwa hiari yake hupoteza ule wa Tanzania. Kwa kuwa Sheria ya Mzanzibari ya mwaka 1985 inamtaka Mzanzibari awe raia wa Tanzania, mtu huyo hupoteza pia Uzanzibari wake kisheria. Hawezi kupiga kura, na akija Unguja kuwatazama wazee wake huingia kama mgeni.

Suala hili lilijadiliwa sana mwaka 2021, Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi: wapo waliouliza kama Tanzania ina haki ya kujivunia mtu ambaye sheria zake hazimtambui kuwa raia. Badala ya uraia pacha, serikali imechagua njia ya hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania.

Watu mashuhuri

Abdulrazak Gurnah (amezaliwa 1948): mwandishi, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Kent. Aliondoka Zanzibar akiwa kijana na hakuweza kurudi hadi mwaka 1984. Riwaya yake "Paradise" ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina "Peponi".

Freddie Mercury (1946–1991): mwimbaji wa bendi ya Queen, aliyezaliwa Mji Mkongwe katika familia ya Waparsi iliyohamia Uingereza mwaka 1964.

Lubaina Himid (amezaliwa 1954): mchoraji, mshindi wa Tuzo ya Turner mwaka 2017.