Eleroni: kipande kidogo cha bawa chenye kinabeba uzima wa rubani

Ndugu wahitimu, leo tuache shamba kidogo. Hii ni historia ya kipande cha ndege chenye watu wanajengaga wenyewe nyumbani, na iko na somo kwetu sote.

Ukikaa dirishani mwa ndege, angalia nyuma ya bawa, karibu na ncha. Kuna kipande kinapanda na kushuka. Wafaransa walikiita eleroni, maana yake bawa dogo, na jina lao njo dunia inatumia. Rubani akilaza usukani kushoto, eleroni ya kushoto inapanda, ya kuume inashuka. Bawa la kuume linainuka, ndege inalala kushoto na kukata kona.

Wazo hilo liliandikwa kwanza na Muingereza Matthew Boulton, katika breve yake ya 1868, wakati hakuna mtu alikuwa na ndege yenye mota. Likasahaulika. Ndugu Wright walipopaa 1903 kule Marekani, walikuwa wanapinda bawa lote kwa kamba. Breve yao ya 1906 waliitetea kwa nguvu: hata mwenye kutumia eleroni, kama Glenn Curtiss, walimpeleka tribinali. Mabishano yakadumu mpaka 1917, Marekani ilipoingia vita, serikali ikasukuma makampuni yaweke breve zao pamoja. Kwa muda huo Ulaya ilikuwa imekwenda mbali, na marubani wengi wa Marekani walipigana vita ndani ya ndege za Wafaransa.

Kisha chuma kikaingia. Mjerumani Alfred Wilm aligundua duralumini: aluminiumu yenye shaba karibu 4 kwa 100. Shaba, ndiyo, ile tunaijua kutoka Katanga. Nyepesi, lakini ngumu.

Ila eleroni iko na adui: mtetemo. Kama uzito wake mwingi uko nyuma ya sharnieri, ndege ikikimbia sana inaweza kuanza kupigapiga kama bendera katika upepo. Sekunde chache tu, bawa linavunjika. Katika miaka ya 1920, Waholanzi von Baumhauer na Koning walionyesha dawa: weka uzito mbele ya sharnieri, mpaka eleroni isimame sawa kama mizani.

Tuje sasa kwa watu wa kawaida. 1953, Paul Poberezny alianzisha kule Wisconsin chama cha wenye kujenga ndege zao. Wengi walitumia mbao na kitambaa. John Thorp akachora T-18, ya chuma yote, ikapaa 1964. Ujanja wake ulikuwa matundu: unayatoboa mapema yakubaliane, vipande vinajipanga vyenyewe, bila vyombo vikubwa vya kiwanda. 1976, Don Taylor alizunguka dunia na T-18 yenye alijijengea. Ndege za RV za Richard VanGrunsven zilifuata, na leo maelfu zimepaa.

Eleroni ya RV inaonekana kitu rahisi. Ngozi yake ni bati la milimita 0.4 hivi, karibu kama manjanja ya nyumba. Unatoboa, unasafisha ukingo wa kila tundu, sababu ufa unaanziaga pale. Unashika vipande kwa pini za muda, halafu unapiga rive. Kazi yote juu ya meza iliyonyooka, maana rive ya mwisho ikishafunga, eleroni iliyojipinda haitanyooka tena na ndege itavuta upande mmoja. Ndani, ukingo wa mbele, kuna bomba la chuma. Wenye hawajui wanashangaa: mbona kuongeza uzito kwenye ndege? Bomba hilo njo dawa ya Waholanzi.

Na kuisahau kunaua. Aprili 2009, ofisi ya Marekani inayochunguza ajali iliomba ndege za aina ya Zodiac CH 601 XL zisimamishwe. Sita zilikuwa zimevunjika angani, Marekani na Ulaya, watu 10 wamekufa. Ofisi ilishuku mtetemo, na eleroni zake hazikuwa na uzito wa mizani. Kampani ilisema kamba za kuongoza zikikazwa sawasawa hakuna shida. Uchunguzi mwingine uliona mambo mengi pamoja, si moja tu. Mwishoni bawa likatiwa nguvu, na eleroni zikapewa uzito.

Kwangu somo ni hili. Breve zilipofungiwa tribinali, kazi ilikwama. Plani zilipouzwa kwa kila mtu, fundi wa karakana ya nyumbani alizunguka dunia. Lakini plani inabeba vipimo tu. Sababu ya kipimo, mtu aifundishwe. Rangi ya ziada nyuma ya eleroni inatosha kuharibu mizani, na mwenye hajui atapaka tu ili ing'are. Hata shambani tunaona: mkulima mwenye alipewa nafasi ya mistari bila kuelezwa, msimu wa pili ameshaipunguza.

Je, katika kazi yako, ni kipimo gani unafuata bila kujua sababu? Tuandikie.