Kidatu, Nguvu ya Sauti na Historia ya Mkazo: Mtazamo kutoka Ivuna

Makala haya yanahoji maelezo mawili yaliyozoeleka: kwamba mkazo katika Kiswahili ni nguvu ya ziada inayotiwa katika silabi, na kwamba Kiswahili kilipoteza toni kwa kuathiriwa na Kiarabu. Yote mawili yanatetereka yakitazamwa kutoka Ivuna, wilayani Momba, mkoani Songwe.

Ivuna iko kusini mashariki mwa Ziwa Rukwa. Uchimbaji wa Fagan na Yellen, uliochapishwa mwaka 1968, ulithibitisha kuwa utengenezaji wa chumvi mahali hapo ni wa karne nyingi. Leo Kiswahili hutumika katika eneo hilo sambamba na lugha za kundi la M.20 la Guthrie, kama vile Kinamwanga (M.22). Kinamwanga ni lugha ya toni, yaani kidatu cha juu na cha chini hutofautisha maana. Huo ni urithi wa mfumo wa toni mbili ambao Meeussen (1967) aliuunda upya kwa Bantu-Asili. Kiswahili hakina mfumo huo. Mkazo wake hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, kama katika baraBAra (njia kuu), isipokuwa katika maneno machache kama baRAbara (sawasawa).

Je, sikio hutambuaje tofauti hiyo? Kidatu hutegemea hasa idadi ya mitetemo kwa sekunde. Idadi hiyo ikiongezeka maradufu, sikio husikia oktavu moja. Nguvu hupimwa kwa desibeli, na huhitajika ongezeko la takriban desibeli 10 ili sauti isikike kuwa kubwa maradufu. Aidha, Fletcher na Munson (1933) walionesha kuwa sauti zenye nguvu sawa huweza kusikika kwa ukubwa tofauti vidatu vyake vinapotofautiana. Katika majaribio ya Fry (1955, 1958), wasikilizaji wa Kiingereza walitambua mkazo kwa kidatu na muda wa silabi kuliko kwa nguvu. Istilahi “mkazo”, itokanayo na kitenzi kaza, hutuelekeza kwenye nguvu, ilhali sikio huenda linafuata kidatu zaidi. Hata Ashton (1944) aliona vema kutaja kiimbo katika jina la kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili.

Ikiwa ndivyo, kupotea kwa toni hakukuwa kuachwa kwa kidatu, bali kubadilishwa kwa kazi yake: kutoka kutofautisha maneno hadi kuonesha silabi kuu ya neno. Badiliko hilo halikuhitaji Kiarabu. Kinyakyusa (M.31), kinachozungumzwa mashariki mwa Songwe, mbali na pwani, nacho kimepoteza toni. Kwa hiyo, kukosekana kwa toni hakuwezi kutumiwa kama ushahidi kwamba Kiswahili kilitengana na asili yake ya Kibantu. Ni mojawapo ya njia ambazo lugha za Kibantu zenyewe zimepitia.