Nyanya na Mlinzi Wake

Nani kati yetu aliyelima nyanya asijue huzuni hii? Miche imeota vizuri, kisha majani yanashikwa na mabaka, hapa kijani, pale manjano; yanajikunja, na matunda yanapungua. Magonjwa ya namna hii ni mengi. Leo tusimulie juu ya moja, linaloletwa na kirusi, kitu kidogo sana kupita bakteria. Kinapitishwa kwa mikono, kwa visu, hata kwa mbegu, wala hakuna dawa ya kuuponya mmea uliokwisha kushikwa.

Mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky alichuja maji ya majani ya tumbako yenye ugonjwa. Chujio lake halikupitisha bakteria, lakini maji yaliyopita yaliambukiza bado. Kirusi hicho cha tumbako, pamoja na nduguye wa karibu, hushika nyanya vilevile. Basi, watu wafanye nini?

Jibu lilikuwa limekwisha kuandaliwa katika bustani ya watawa. Gregor Mendel, mtawa wa Mtakatifu Augustino katika mji wa Brno, alichunguza njegere tangu mwaka 1856 hata 1863. Aliozesha njegere ndefu na fupi: watoto wote wakawa warefu. Lakini kwa wajukuu ufupi ulirudi. Kwa kila wanne, watatu warefu na mmoja mfupi. Akafahamu kwamba mmea hupokea urithi kwa baba na kwa mama, na urithi huweza kufichika bila kupotea. Aliandika hayo mwaka 1866, wenye elimu wasimjali. Alikufa mwaka 1884. Elimu yake ilifufuka mwaka 1900.

Wataalamu wakafuata njia hiyo. Nyanya za shamba hazikuwa na kinga, lakini katika nchi ya Peru na jirani zake kuna nyanya za porini, matunda yao madogo, ya kijani, yasiyofaa mezani. Baadhi yake hazikuugua. Wakaziozesha na nyanya za shamba. Kazi ilikuwa ngumu, maana mara nyingi mbegu zilikufa changa. Ikawapasa kutoa kichanga cha mmea ndani ya mbegu na kukilea katika chupa.

Urithi mmoja wa kinga waliuita Tm-1. Katika miaka ya 1960 wakulima wa Uingereza waliupanda, lakini upesi kirusi kikajigeuza kikaushinda. Mwaka 1963 L. J. Alexander, wa Ohio huko Marekani, alitangaza urithi mwingine, Tm-2². Huu hutosha kupokewa kwa mzazi mmoja tu. Tena kwa wajukuu, watatu kati ya wanne hukingwa, kama njegere za Mendel. Kirusi kina kitu mfano wa ufunguo, cha kupitia toka chembe moja ya mmea hata nyingine. Mlinzi huyu anautambua ufunguo huo, na mara mmea unamfungia adui njia.

Muda wa miaka hamsini hivi mlinzi alisimama imara, na wakulima wengi wakamtegemea yeye peke yake. Lakini mwaka 2014 huko Israeli, na mwaka 2015 huko Yordani, nyanya zenye urithi huo ziliugua. Alikuja kirusi mpya mwenye ufunguo uliobadilika, na mlinzi hakumtambua. Tangu hapo ameenea Ulaya, Asia na Amerika, na wataalamu wamerudi tena kutafuta msaada kwa nyanya za porini.

Tujifunze mambo mawili. Kwanza, mbegu nzuri haiondoi kazi ya mkulima: kung'oa mmea mgonjwa na kuuchoma, kunawa mikono, kusafisha visu, kuchagua mbegu za mmea mzima. Nyumba yenye mlinzi mmoja, siku akidanganywa, mlango u wazi. Pili, tusidharau mmea wa porini kwa sababu tunda lake ni chungu. Pengine ndani yake umefichwa urithi ambao wajukuu wetu watautafuta.