MRI ya sumaku ndogo: utafiti wa uzamivu uliorejea Mbarara

Mzazi wa Rwimbogo, wilayani Rusizi, ambaye mwanawe ameandikiwa kipimo cha MRI, huvuka msitu wa Nyungwe na kusafiri zaidi ya kilomita 200 hadi Kigali, iliko mashine ya Hospitali ya King Faisal. Sababu kubwa ya umbali huo ni mashine yenyewe.

MRI haitumii eksirei. Mwili umejaa maji, na ndani ya maji mna haidrojeni, ambayo viini vyake hutenda kama visumaku. Mgonjwa akilazwa ndani ya sumaku kubwa, viini hivyo hujipanga. Mawimbi ya redio huvitikisa, navyo vikirejea mahali pake hutoa ishara hafifu ambazo kompyuta huzigeuza kuwa picha. Kwa kawaida sumaku hiyo huwa na nguvu ya tesla 1.5 au 3, hupozwa kwa heliamu ya kimiminika, na huhitaji chumba maalumu na umeme wa uhakika.

Je, nguvu yote hiyo ni ya lazima? Mhandisi wa Uganda, Johnes Obungoloch, alilichunguza jambo hilo katika masomo yake ya uzamivu kwenye Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani. Alilenga watoto wachanga waliojaa maji kichwani. Kabla ya kumpasua mtoto, daktari hutaka kujua maji yamekusanyika wapi na ubongo uliosalia ni kiasi gani. Kwa hilo, picha isiyo kali huweza kutosha. Kipimo cha CT nacho huonyesha, lakini kwa mionzi, na watoto hawa hupimwa tena na tena.

Obungoloch alirejea Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Mwaka 2022 vipuri vililetwa huko kwa ndege kutoka Uholanzi, na sumaku za kudumu zikapangwa katika pete 23. Wakufunzi walikuwa wanne, na wengine sita hawakuwa wamewahi kufanya kazi hiyo. Hata hivyo picha ya kwanza ilipatikana baada ya siku 11 hivi. Mashine hukaa juu ya kitoroli, haihitaji heliamu, na nguvu yake ni militesla 50, yaani sehemu moja ya thelathini ya tesla 1.5.

Udhaifu huo una gharama: kasoro ndogo za ubongo huweza kupotea katika ukungu wa picha. Programu za akili unde huweza kuing'arisha, ila watafiti wa uwanja huu wameonya kwamba huweza pia kuchora kisichokuwepo kichwani mwa mtoto.