Suala la Mwamuzi katika Upimaji wa Kiotomatiki wa Programu za Kompyuta Pasipo Maelezo Rasmi, 1982–1998

Upimaji wa programu huhitaji data ya kuingizwa pamoja na mwamuzi wa kubaini iwapo jibu ni sahihi. Mashine huzalisha data bila kuchoka. Ugumu umo katika kumpata mwamuzi. Pale ambapo programu ina maelezo rasmi ya kihisabati, maelezo hayo ndiyo huamua. Programu nyingi hazina, na mwaka 1982 Elaine Weyuker alijadili zile alizoziita zisizopimika.

Jibu lililoleta athari kubwa halikutokana na nadharia. Katika majira ya vuli ya 1988, Profesa Barton Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, alikuwa akitumia kompyuta ya chuo kutoka nyumbani kupitia laini ya simu, usiku wa dhoruba ya radi. Mivumo katika laini ilipenyeza herufi za ovyo ndani ya amri zake, na programu za kawaida za Unix zikawa zinaanguka. Miller aliwapa wanafunzi kazi ya kuzalisha vurugu hiyo kwa makusudi. Taarifa ya 1990, aliyoiandika pamoja na Lars Fredriksen na Bryan So, ilihusu programu zipatazo 90 katika matoleo 7 ya Unix. Katika kila toleo lililopimwa, asilimia 25 hadi 33 ziliangushwa.

Mwamuzi hapa alikuwa na sharti moja tu: programu isianguke wala isikwame. Kwa sharti hilo, programu ya mishahara inayokokotoa kodi kimakosa kwa utulivu hufaulu. Hata hivyo, kulidharau si haki. Makosa mengi yaliyofichuka yalihusu kuvuka mipaka ya kumbukumbu, aina ileile iliyotumiwa na kirusi cha Morris mnamo Novemba 1988. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba upimaji uliporudiwa mwaka 1995, takriban asilimia 40 ya makosa yaliyoripotiwa mwaka 1990 yalikuwapo vilevile, ingawa yalikwisha kutangazwa.

Mwaka 1998 T. Y. Chen na wenzake walipendekeza mwamuzi mwingine: uhusiano kati ya majibu. Thamani sahihi ya sini ya x isipojulikana, bado inajulikana kuwa lazima ilingane na sini ya π−x. Kwa hakika, uhusiano huo ni kipande cha maelezo rasmi kilichoingia kwa mlango wa nyuma, tena kipande kidogo: programu inayotoa sifuri kila mara hulitimiza sharti hilo kikamilifu.