Ampea-saa si ampea kwa saa

Kipimo cha betri ambacho alama yake ni Ah husomwa na wengi kwa Kiswahili kuwa "ampea kwa saa", kama vile kWh inavyosomwa "kilowati kwa saa" hata kwenye taarifa za habari. Kosa hili huonekana dogo, la kuwasumbua walimu wa sarufi tu. Lakini istilahi ya kipimo hupimwa kwa kazi yake, na kazi ya hii ni kumwambia mtu kama umeme alionao utamfikisha kesho. Tuchukue mfano wa mtu ambaye miguu haimpeleki mbali, anayezunguka Uingereza kwa kampavani, lile gari lenye kitanda na jiko ndani, huku amepakia skuta yake ya umeme. Skuta hiyo si ile pikipiki ya vijana. Ni kiti chenye usukani na magurudumu matatu au manne, ambacho sheria za nchi hiyo hukiruhusu kwenda kilomita 6.4 kwa saa kwenye njia ya waendao kwa miguu, na aina kubwa zaidi kilomita 12.8 kwa saa barabarani. Hapo neno "kwa" limekaa mahali pake: limegawanya umbali kwa muda. Kwenye betri ya skuta hiyohiyo halina mahali.

Sababu iko ndani ya ampea yenyewe. Ampea ni mwendo wa umeme, yaani kulombi moja kwa sekunde, kama tunavyosema bomba linatoa lita kumi kwa dakika. Bomba hilo likifunguliwa dakika thelathini, pipa litapata lita 300. Tumezidisha mwendo kwa muda, tukapata kiasi. Ndivyo ilivyo kwa betri: mkondo wa ampea moja ukipita saa nzima, umeme uliopita ni kulombi 3,600, na kiasi hicho ndicho kinachoitwa ampea-saa moja. Anayesema "ampea kwa saa" amegawanya pale palipotakiwa kuzidishwa. Kwa maana halisi ametaja jinsi mkondo unavyoongezeka kila saa inapopita, jambo ambalo hakuna betri inayouzwa kwa kipimo chake. Chaja huthibitisha hili. Betri ya ampea-saa 12 ikichajiwa kwa ampea 2, kugawanya 12 kwa 2 kunatoa saa 6, ingawa betri ya risasi na asidi hupunguza mkondo inapokaribia kujaa, hivyo ni busara kuiacha usiku kucha. Jibu limetoka likiwa saa kwa sababu saa ilikuwa imezidishwa ndani ya kipimo tangu mwanzo.

Sasa tuingie ndani ya kampavani. Skuta nyingi ndogo za kupakiwa garini hutumia betri mbili za volti 12, kila moja ampea-saa 12, zilizounganishwa kwa mfululizo. Volti zinakuwa 24, lakini ampea-saa hubaki 12. Gari nalo, mbali na betri ya injini, lina betri ya taa, pampu ya maji na friji: tuseme ni ya risasi na asidi, volti 12, ampea-saa 100, ambayo ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara huchakaa mapema. Msafiri aliyezoea kuiona Ah kama namba tu atalinganisha 50 za kutumia na 12 za skuta, na kujihesabia kuchaji mara nne. Hesabu kamili inamkatalia. Ukizidisha ampea-saa 12 kwa volti 24 unapata wati-saa 288, na nusu ya betri ya gari ni wati-saa 600. Tena umeme wa gari hupita kwanza kwenye inveta inayoupandisha hadi volti 230, kisha kwenye chaja inayouteremsha, kisha kwenye kemia ya betri yenyewe, na kila hatua hutoza ushuru wake kama joto. Tukikadiria kwamba inveta hupitisha asilimia 88, chaja asilimia 85 na betri asilimia 85, kuijaza skuta iliyokwisha kabisa kutachukua karibu wati-saa 450. Kwa betri ya gari, hizo ni karibu ampea-saa 38. Mara nne zimegeuka mara moja, na taa na friji bado zinadai haki yao.

Katika maeneo ya kambi yenye nguzo za umeme, shida hii haionekani. Nguzo hizo Uingereza hutoa volti 230 na kwa kawaida ampea 10 au 16, na chaja ndogo ya skuta haifiki hata wati 100. Lakini tazama kibao cha nguzo: kimeandikwa ampea, si ampea-saa. Kinaeleza upana wa mlango, hakielezi ukubwa wa ghala. Mwenye kuchanganya maneno haya mawili anaweza kudhani nguzo ya 16 ni dhaifu kuliko betri yake ya 100, ilhali nguzo haiishi na betri huisha. Usiku wa kulala pasipo nguzo ndipo tofauti hiyo inapomgusa mtu ambaye skuta ndiyo miguu yake.

Kuna atakayejibu kwamba mafundi wetu wanaelewana bila istilahi hizi. Dukani mtu huomba betri ya N70 au N100, na namba hiyo hukaribia ampea-saa zake. Nyumbani Tanzania watu hununua uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, bila kujali kwamba uniti moja ni kilowati-saa moja. Ni kweli, na ushahidi huo unaunga mkono hoja hii. Hakuna anayesema amenunua "uniti kumi kwa saa". Lugha ya sokoni imeshatambua kwamba kinachouzwa ni kiasi, na ni sisi waandishi na wafasiri tuliorudisha "kwa" mlangoni baada ya mnunuzi kuitoa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. "Kwa" haina maana ya kugawanya peke yake. Tunasema "alifanya kazi kwa saa sita", tukimaanisha muda. Hivyo "ampea 2 kwa saa 6" ni sentensi sahihi, na huenda ndiko kosa lilikozaliwa. Lakini sentensi inayosimulia tukio ni kitu kimoja na jina la kipimo ni kingine. Katika majina ya vipimo, "kilomita kwa saa" imeshakikalia kiti hicho, na hatuwezi kuwakalisha wawili wenye maana zinazopingana. Wapo pia watakaotaka "saa-ampea", kwa kuwa nomino kuu hutangulia katika Kiswahili. Kuzidisha hakujali mpangilio, ila "kilowati-saa" imekwisha kuzoeleka na hufuata mpangilio wa alama yake. Kuigeuza kungeleta mkanganyiko mpya pasipo faida.

Basi tuandike ampea-saa, wati-saa na kilowati-saa, kwa kistari na bila "kwa". Na pale betri mbili zenye volti tofauti zinapolinganishwa, tutumie wati-saa. Ndivyo wanavyofanya wasafirishaji wa anga: kanuni za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, kwa betri ya lithi inayotolewa kwenye chombo cha kukunjwa huweka kikomo cha wati-saa 300, haziulizi ampea-saa. Betri ya volti 24 na ampea-saa 12 inapita. Ya volti 36 yenye ampea-saa hizohizo hairuhusiwi.